UZI: Kuchagua programu ya skrini za matangazo kwa biashara. Tuanze na pleya, si dashibodi

PazaSkrini (mwanzisha uzi)

Wakuu, swali la "nitumie programu gani kwenye skrini za matangazo" linarudi kila mara, na majibu yake mara nyingi ni jina la programu pamoja na kiungo. Jina peke yake halimsaidii mtu. Kabla ya jina jibu haya manne: una skrini ngapi na ziko kwenye majengo mangapi, nyuma ya kila skrini kuna kifaa gani, nani atakayebadilisha matangazo, na mara ngapi, na skrini ifanye nini intaneti ikikatika. Hilo la nne ndilo linalotenganisha programu nzuri na programu yenye dashibodi nzuri, kwa hiyo nitalikalia zaidi.

Mfumo una pande mbili. Upande mmoja ni seva ya usimamizi: unaingia kwa kivinjari, unapakia picha na video, unapanga orodha na ratiba. Upande wa pili ni pleya, ile programu ndogo iliyo kwenye kisanduku au ndani ya skrini yenyewe, inayoshusha mafaili na kuyacheza. Muuzaji akija kujinadi atakuonyesha seva. Mteja wako hataiona seva hata siku moja. Anachokiona ni kazi ya pleya.

Pleya nzuri hushusha faili lote kwanza, huhakiki kwamba limefika zima, ndipo hulicheza kutoka kwenye hifadhi yake. Pleya mbaya huvuta mtandaoni kila inapocheza. Piga hesabu: video ya 1080p ya megabiti 8 kwa sekunde, ikivutwa mfululizo kwa saa 12, ni gigabaiti 43.2 kwa siku kwa skrini moja. Orodha ya dakika 10 ya ubora huohuo, ikishushwa mara moja, ni megabaiti 600, na hakuna kinachoshushwa tena mpaka ubadilishe tangazo. Skrini 20 zikikaa kwenye laini moja zikivuta kwa pamoja, zinahitaji megabiti 160 kwa sekunde muda wote wa kazi. Mtandao wa mauzo na wa ofisi utakosa pa kupita.

Programu nyingi hutoa siku 14 au 30 za majaribio. Siku hizo watu huzimalizia kwenye kupamba violezo. Zitumie hivi, kwa kisanduku cha aina ileile utakayonunua:

1. Chomoa waya wa mtandao, acha mpaka kesho yake, na katikati zima na kuwasha kisanduku mara mbili. Orodha iendelee, na ibadilike kwa ratiba ingawa seva haionekani.
2. Kata umeme ukutani wakati faili kubwa linashushwa. Rudia mara 10. Kila mara pleya irudi yenyewe, bila kibodi, bila ujumbe wa kuuliza kitu katikati ya skrini.
3. Weka kwenye orodha video iliyokatwa nusu. Iiruke na itoe taarifa, isigande.
4. Tangazo liwe na mwisho wa muda, halafu ukate mtandao kabla muda haujafika. Lazima liondoke kwa wakati. Bei ya ofa iliyokwisha ikibaki skrini, mteja anaweza kuidai.
5. Washa kisanduku kwanza, skrini dakika 5 baadaye. Angalia kama picha inakuja kwa ukubwa wake.
6. Zima pleya, kisha kaa kwenye dashibodi uhesabu. Itachukua dakika ngapi kuandika kwamba haipo hewani, na barua pepe itamfikia nani?

Programu ikifeli namba 1, 2 au 4, usiendelee nayo. Hata kama kila kitu kingine ni kizuri.

Mwangaza_Fundi

Mkuu umeanza panapotakiwa. Naongezea upande wa kifaa, maana programu nzuri hukwama hapo.

Njia ni tatu: skrini yenye kompyuta ndani yake (Samsung ya mfumo wa Tizen, LG ya mfumo wa webOS, na za Android); kisanduku kilichotengenezwa kwa kazi hii tu, kama BrightSign; au kompyuta ndogo ya kawaida, yaani Raspberry Pi, kisanduku cha Android au mashine ya Windows.

Skrini yenye kompyuta ndani hupunguza waya na adapta, na kuifunga ni haraka. Ugonjwa wake ni uzee. Kivinjari kilichomo hakisasishwi kama cha simu. Televisheni za Tizen 4.0 za mwaka 2018 zina kivinjari cha Chromium 56, na webOS 4 ya LG ina Chromium 53. CSS Grid, njia ya kupanga vitu kwenye ukurasa wa wavuti, iliingia kwenye Chromium 57. Kwa hiyo kiolezo kilichojengwa kwa Grid kitapendeza kwenye kompyuta yako ya mezani, ukikipeleka kwenye skrini hizo vitu vyote vinajipanga wima upande wa kushoto, na wewe unadhani skrini ni mbovu. Muulize muuzaji wa programu toleo la chini kabisa la Tizen au webOS analolihudumia, na ataendelea kulihudumia mpaka lini. Jibu liwe la maandishi.

Halafu kuna suala la video ngapi zinaweza kufunguliwa kwa pamoja. Skrini nyingi za aina hii hufungua video moja tu kwa wakati, baadhi mbili. Ukigawa skrini sehemu mbili na kila sehemu ina video yake, moja itabaki nyeusi. Na ule weusi wa nusu sekunde kati ya video na video unatoka hapohapo: pleya haiwezi kuiandaa inayofuata wakati hii bado inacheza. Kama biashara yako inataka video zifuatane bila pengo, pima kwa jicho kwenye kifaa chenyewe, na kama pengo lipo, unganisha klipu zote ziwe faili moja au nunua kisanduku cha nje.

Skrini ikisimamishwa wima, shida nyingine: kuna modeli zinazogeuza maandishi na picha lakini video hubaki imelala. Njia ya uhakika ni kugeuza video yenyewe kabla ya kuipakia.

Kwa wanaotaka Raspberry Pi, msikimbilie mpya kwa sababu ni mpya. Pi 4 hufungua H.264 ya 1080p kwa fremu 60 na H.265 ya 4K kwa fremu 60 (hizi ni aina za mbano wa video), zote kwa chipu maalumu. Pi 5 imebakiza chipu ya H.265 tu, H.264 inafunguliwa na prosesa ya kawaida. Kwa 1080p prosesa inaweza, ila joto linapanda na kipoza kinakuwa cha lazima. Uliza programu yako inatoa video za aina gani baada ya kuzichakata. Nyingi bado zinatoa H.264.

Umeme wa Pi pia. Pi 4 inataka adapta ya volti 5 ampea 3, Pi 5 ampea 5. Ukichomeka kwenye USB ya nyuma ya televisheni itawaka, halafu itaganda video nzito ikianza. Ingia kwa SSH (yaani kutoka kompyuta nyingine kwa mtandao) uandike `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa 0x0 umeme uko sawa. Likiwa 0x50000 umeme uliwahi kushuka tangu iwashwe. 0x50005 unashuka sasa hivi.

Kadi ya memori hufa kwa kuandikwaandikwa na kwa umeme kukatika katikati ya kuandika. Chukua programu inayoweka mfumo katika hali ya kusoma tu, au washa mwenyewe Overlay File System kwenye raspi-config, menyu ya mipangilio ya Pi. Kumbuka tu kwamba folda ya matangazo lazima ibaki inaandikika, la sivyo kila ukizima unashusha upya.

Jozi8

Mwangaza_Fundi, vipi kuhusu televisheni za kawaida za nyumbani? Kuna biashara nyingi zinazo tayari.

Mwangaza_Fundi

Zinafaa mahali pa ndani pasipo na jua, kwa saa 8 hadi 10 kwa siku, zikiwa zimelala. Zaidi ya hapo ni kubahatisha. Televisheni ya nyumbani huwa na mwangaza wa niti (kipimo cha mwangaza wa skrini) 250 hadi 350 hivi. Skrini ya biashara ya ndani niti 350 hadi 500, eneo lenye mwanga mkali 700, na dirishani inayotazama nje 2,500 na kuendelea. Soma waranti pia, maana nyingi zinafutika kifaa kikitumika kibiashara.

Kwenye mipangilio zima hali ya kuokoa umeme, kujizima kwa kukosa rimoti, na ujumbe wa masasisho. Kisha washa HDMI-CEC ili kisanduku kiweze kuizima na kuiwasha: Samsung wanaiita Anynet+, LG SimpLink, Sony Bravia Sync. CEC ya televisheni za nyumbani haitabiriki, modeli moja inatii kuzimwa na inakataa kuwashwa. Skrini za biashara zina RS-232 (poti ya waya wa amri) au amri za mtandaoni, na programu inayojua kuzitumia huweza pia kusoma kama skrini imewaka kweli. Bila hilo dashibodi inasema "inacheza" wakati skrini ni nyeusi, kwa sababu pleya haina njia ya kujua.

sevaNaWaya

Wakuu, mtandao na usalama niachieni mimi.

Pleya isihitaji poti yoyote kufunguliwa kutoka nje kuja ndani. Itoke yenyewe kwenda kwenye seva kwa TCP 443, na kwa UDP 123 kuchukua saa. Programu inayodai ufungue poti ya kuingilia kwenye kila tawi ikatae. Ziwekee skrini VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa, usioona mashine za mauzo.

Hiyo UDP 123 watu huisahau. Raspberry Pi 4 na za nyuma hazina saa yenye betri. Pi 5 inayo saa, lakini betri yake hununuliwa pembeni. Umeme ukikatika na mtandao usipokuwepo wakati wa kuwaka, kisanduku kinaanza na saa ya nyuma na ratiba nzima inateleza. Mtandao ukirudi na fayawoli imefunga 123, saa inabaki hivyohivyo. Na ikiwa nyuma sana, cheti cha seva (kitambulisho chake cha kidijitali) kinaonekana hakijaanza kutumika, kwa hiyo pleya inakataa hata kuungana. Fundi anaitwa kubadilisha kisanduku kizima kumbe dawa ni saa. Ruhusu NTP (ndiyo hiyo huduma ya saa ya UDP 123), au rauta yenyewe iwe chanzo cha saa, au funga moduli ya saa ya DS3231 yenye betri.

Wi-Fi ya wageni yenye ukurasa wa "bonyeza kukubali" haifai. Hakuna mtu wa kubonyeza. Waya ni bora kila inapowezekana.

Vyeti navyo huzeeka. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti cha DST Root CA X3 kiliisha muda, na vifaa vilivyokuwa havijui cheti kipya cha mtoaji vyeti Let's Encrypt vikakataa tovuti nyingi. Kwa hiyo muuzaji akikuuzia kisanduku cha Android cha zamani kisichopata masasisho, anakuuzia na tarehe ya kufa kwake.

Na seva, wapendwa, isiachwe wazi kwenye intaneti bila ulinzi. Samsung walitoa MagicINFO 9 Server (seva yao ya skrini za matangazo) toleo la 21.1050 Agosti 2024 kuziba tundu CVE-2024-7399, lililomruhusu mtu asiye na akaunti kuandika faili kwenye seva. Mei 2025 mashambulizi yalionekana yakiendelea, na ikabidi litoke toleo la 21.1052 kwa tundu la jamaa yake, CVE-2025-4632. Anayeendesha seva yake mwenyewe aiweke nyuma ya VPN (njia ya siri ya mtandao) au aruhusu anwani za matawi tu, na asasishe ndani ya siku, si miezi. Anayetumia klaudi ya mtu adai uthibitishaji wa hatua mbili kwa kila akaunti, na kumbukumbu ya nani alibadilisha nini saa ngapi. Akaunti moja inayotumiwa na ofisi nzima ndiyo njia nyepesi ya kujikuta skrini zako zote zinaonyesha kitu cha aibu.

Rimoti na vitufe vya skrini vifungwe kwenye menyu. Poti za USB pia, kwa sababu baadhi ya skrini hucheza chochote kilicho kwenye flashi mara inapochomekwa.

Bi_Ratiba

Ndugu zangu, mmeenda kwenye waya na hamjagusa ratiba, na ratiba ndiyo kazi ya kila siku ya anayeitumia programu.

Angalieni programu inafanya nini matangazo mawili yakigongana. Kuna zinazoyachanganya, kuna zinazotumia kipaumbele cha namba, na kuna zinazochukua la mwisho kuhifadhiwa bila kusema. Ya kwanza na ya pili zinakubalika mradi unajua ipi unayo. Ya tatu ni hatari. Tengeneza mgongano makusudi wakati wa majaribio.

Jaribuni kipindi kinachovuka usiku wa manane. Ofa ya Ijumaa kuanzia 18:00 hadi 02:00: kuna programu zinazoikata 00:00 kwa sababu Jumamosi haikuchaguliwa. Suluhisho ni vipindi viwili, lakini ujue mapema.

Kama matawi yako yako kwenye majira tofauti, uliza kama ratiba inafuata saa ya pleya au saa ya seva. Inatakiwa uweze kuchagua kwa kila skrini.

Skrini zipangwe kwa lebo, si kwa majina tu. "Dirishani", "kaunta", "wima", "tawi la pili". Ukiwa na lebo, tangazo la wima linaenda kwenye skrini za wima zote kwa hatua moja, na skrini mpya inarithi kila kitu ikipewa lebo. Ukipanga skrini mojamoja, ukifika skrini 15 utaanza kusahau.

Halafu ruhusa. Meneja wa tawi aweze kubadilisha bei ya tawi lake bila kuweza kugusa nembo, fonti au tawi la mwenzake. Ukiona programu ina ngazi mbili tu, "msimamizi" na "mtazamaji", ujue kila mabadiliko yatarudi kwako. Na kwa biashara zinazouza nafasi za matangazo kwa kampuni nyingine, hakikisha kuna rekodi ya uchezaji: faili gani, skrini gani, lilianza na kuisha saa ngapi, na irekodiwe hata nje ya mtandao kisha ipelekwe baadaye. Ripoti itoke kwa CSV, faili la jedwali. Picha ya skrini ya mara mojamoja si ushahidi wa kumdai mtu pesa.

PazaSkrini

Dada Bi_Ratiba asante. Hilo la saa ya seva na saa ya pleya linasahaulika sana.

Jozi8

Swali: biashara yenye skrini 2 au 3 kwenye jengo moja inahitaji kweli mambo haya yote?

PazaSkrini

Haihitaji. Kama tangazo linabadilika mara moja kwa mwezi, flashi yenye video moja inayojirudia inatosha. Skrini nyingi za biashara zina uchezaji wa USB ndani yake. Kama linabadilika kila wiki, tazama Anthias, iliyokuwa ikiitwa Screenly OSE. Ni huria, inakaa kwenye Raspberry Pi au kompyuta ya kawaida, na unaisimamia kwa kivinjari. Upungufu wake: kila skrini inasimamiwa peke yake, hakuna seva ya kati. Kwa skrini 3 unaweza kufungua kurasa 3. Kwa 12 utachoka na utakosea.

Mstari nauweka kwenye skrini 4 au 5, au mapema zaidi zikiwa kwenye majengo tofauti. Hapo seva ya kati inajilipa.

sevaNaWaya

Na hapo ndipo nasema Xibo. Seva yake ni huria kwa leseni ya AGPL, inasimama kwa Docker (njia ya kuendesha programu kwenye makasha yaliyotengwa), pleya za Windows na Linux hazilipiwi. Unalipia leseni ya pleya za Android, webOS na Tizen. Skrini 20 kwa miaka 5 kwenye klaudi ya malipo ya mwezi ni malipo 1,200 ya leseni (20 mara miezi 60). Seva ndogo yako mwenyewe ni malipo 60.

PazaSkrini

Hesabu ni sahihi ila haijakamilika, mkuu. Malipo 60 ya seva hayana mtu ndani yake. Nani atasasisha Docker, nani atahakikisha nakala rudufu, nani atapokea simu Jumapili diski ikijaa? Saa 4 za fundi kila mwezi kwa miezi 60 ni saa 240. Zidisha kwa bei ya saa ya fundi wako, ndipo ulinganishe na yale malipo 1,200 ya leseni. Kwa skrini 20 mara nyingi klaudi inashinda. Kwa skrini 150 seva yako mwenyewe inashinda, kwa sababu saa za fundi haziongezeki kwa kasi ya skrini.

sevaNaWaya

Nakubali hesabu ya saa, sikubali mstari. Mwenye fundi wa mifumo tayari kazini hahitaji kumhesabu upya. Na kuna biashara ambazo maudhui yao hayaruhusiwi kutoka nje ya mtandao wao. Hizo hazina cha kuchagua. Nyongeza muhimu kwa atakayesimamisha Xibo: nakala rudufu ni vitu viwili, hifadhidata na folda ya mafaili. Ukihifadhi hifadhidata peke yake utarudisha majina ya matangazo bila matangazo. Na jaribu kuirudisha kwenye mashine nyingine kabla hujaihitaji.

Herufi_Kubwa

Naona hakuna aliyegusa maudhui yenyewe, na programu inahusika hapa.

Kanuni ya usomekaji: herufi ya milimita 25 kwa kila mita 3 za umbali. Skrini ya inchi 55 ikilala ina urefu wa wima wa sentimita 68.5 hivi, ikigawanywa kwa pikseli 1,080, kila pikseli ni milimita 0.63. Kwa msomaji aliye mita 3 herufi ziwe pikseli 40 kwenda juu, mita 6 ziwe 80. Programu ambayo kihariri chake hakikuonyeshi ukubwa kwa pikseli itakufanya ubahatishe, na wanaobahatisha kwenye kompyuta ya mezani huweka herufi ndogo kila mara, maana wao wamekaa nusu mita kutoka kwenye kioo.

Video: uliza kama programu inazichakata upya au inazipeleka kama zilivyo. Ikiwa inazipeleka kama zilivyo, andaa mwenyewe kwa programu ya ffmpeg:

`ffmpeg -i chanzo.mov -c:v libx264 -profile:v high -level 4.1 -pix_fmt yuv420p -r 30 -b:v 8M -maxrate 10M -bufsize 16M -an -movflags +faststart tokeo.mp4`

Sababu ya vipande muhimu: yuv420p kwa sababu video zinazotoka kwenye programu za uhariri huja na rangi za 4:2:2 au biti 10, na vifaa vingi haviwezi kufungua H.264 ya hivyo kwa chipu, unapata sauti na weusi. Fremu 30 kwa sababu skrini huchora picha mara 60 kwa sekunde (hezi 60). 60 haigawanyiki sawasawa kwa 25, kwa hiyo maandishi yanayotembea yanaruka. `-an` inaondoa sauti kama huihitaji.

Bei na menyu zisiwe picha. Programu isome kutoka kwenye jedwali la mtandaoni, CSV au API (mlango wa programu kuzungumza na programu) ya mfumo wa mauzo, na kiolezo kijijaze. Jaribu chanzo kikikosekana: ibaki na data ya mwisho au ionyeshe nafasi tupu? Kwa bei, ningechagua ibaki na ya mwisho kwa muda uliowekwa, kisha ibadilike kuwa tangazo la kawaida.

Dashibodi za takwimu zinazotaka kuingia kwa nywila ni mtihani mwingine. Kipindi cha kuingia kinaisha, na skrini inaonyesha ukurasa wa "weka nywila" kwa kila anayepita. Tafuta programu inayopiga picha ya dashibodi upande wa seva na kutuma picha hiyo, au inayotumia API rasmi.

Na YouTube: masharti yake ni ya matumizi binafsi yasiyo ya kibiashara. Kuwepo kwa kitufe cha YouTube ndani ya programu hakukupi haki ya kuonyesha video za watu kwenye duka lako.

Jozi8

Mkuu PazaSkrini, chukulia biashara ya skrini 22, majengo 6, nusu ni LG za webOS zilizopo tayari na nusu zitanunuliwa. Ungepanga vipi?

PazaSkrini

Kwanza andika modeli na toleo la webOS la kila skrini kati ya hizo 11. Zigawe: zinazohudumiwa na programu unayoifikiria, na zisizohudumiwa. Zile zisizohudumiwa hazitupwi, zinawekewa kisanduku kwa HDMI na zinabaki kuwa kioo tu. Hizo 11 mpya nazo ningezipa kisanduku hichohicho. Aina mbili za pleya unaweza kuzihudumia, tano huwezi.

Chagua programu mbili za kujaribu, si sita. Weka jengo moja lenye mtandao mbovu kuliko yote, skrini mbili: moja LG ya zamani kuliko zote, nyingine kisanduku. Pitisha yale majaribio sita na ya Bi_Ratiba. Wiki mbili zinatosha. Anayebadilisha matangazo kila siku ndiye aketi kwenye kibodi, si fundi.

Kabla ya kusaini, soma sehemu ya kuondoka. Je, mafaili yako utayapata kwa jina lake la asili? Ratiba inatoka kwa CSV au API? Leseni imefungwa kwenye kifaa au inahamishika kisanduku kikifa? Malipo yakichelewa, skrini zinaendelea na orodha ya mwisho au zinaandika ujumbe wa deni mbele ya wateja? Hilo la mwisho waulize kwa barua pepe, na jibu ulihifadhi. Na visanduku vinavyouzwa na programu: vinakubali programu nyingine, au vinakuwa matofali siku ya kuhama?

Ukishafunga, kila jengo liwe na kisanduku kimoja cha akiba kilichokwisha kusajiliwa. Bandika nyuma ya kila skrini karatasi yenye namba ya pleya, poti ya swichi na ingizo la HDMI, ili mfanyakazi yeyote aweze kubadilisha kwa kuelekezwa kwa simu.

Mwangaza_Fundi

Kwa hizo LG zitakazotumika kama kioo: weka ingizo la kuwasha liwe HDMI moja kwa moja, si ukurasa wa mwanzo wa webOS. Na kama kisanduku ni Pi, lazimisha ukubwa wa picha kwenye cmdline.txt (faili la mipangilio ya kuwaka la Pi) kwa `video=HDMI-A-1:1920x1080@60D`, ndilo jibu la jaribio namba 5. Bila hiyo, umeme ukirudi na Pi ikawahi kuwaka kabla ya skrini kujibu, unapata picha ndogo au hakuna picha mpaka mtu aende kuizima tena.